Upo Hujibiwa kwa Mkono

Upo hujibiwa kwa mkono.

Ndivyo alivyosema Mzee Shaweji asubuhi hii, alipomrudishia Zarina simu. Mjomba wenu Haruna alikuwa amepiga kutoka mjini, na kwa mara ya tatu mwezi huu akasema, "Nipo, baba, nipo pamoja nanyi, habari ya paa msiwe na wasiwasi." Mzee akatikisa kichwa, akasema maneno yake hayo, nanyi wajukuu zake mkacheka. Nimewasikia. Zarina ulisema babu uzee umemchanganyia maneno, na wewe Mbwana ukacheka mpaka uji ukakutoka puani.

Sasa mmenifuata hapa uani kwenu kuniuliza mimi, jirani yake, methali hiyo kaitoa wapi. Kaeni, ila msizikalie hizi fito za mgono wangu, nimezichonga tangu juzi na samaki hawategwi kwa fito zilizovunjika. Methali nyingi baba yake hajulikani wala mama yake. Hii baba yake namjua vizuri, kwa kuwa ni mimi mwenyewe, na wala sijivunii. Mambo yalianzia hapa nitakapowaeleza.

Kwanza, upo. Nyinyi mkisikia "upo" mnadhani mtu anaulizwa kama yupo. Lakini upo pia ni chombo cha kukumbia maji mtumbwini, yaani kuyachota na kuyamwaga nje. Siku hizi watu hutumia kopo la rangi au dumu lililokatwa, na neno lenyewe limekwenda na wazee. Upo wa Shaweji ulichongwa na marehemu baba yake kwa mti wa mninga, una tumbo pana na mpini mfupi, na ulikuwa laini ndani kama sahani ya kaure. Mtumbwi wake wa mti wa mkongo pia aliuachiwa na baba yake.

Kwetu hapa Nang'ando, mtumbwini halitajwi baya. Huwezi kusema tunavuja. Huwezi kusema tunazama, hata kama maji yamekufika kiunoni na samaki wanakusalimia. Wazee walituambia kwamba mto una masikio, na jambo ukilitamka juu yake unalipokea kama ombi. Basi maji yakiingia, yule aliyekaa tezi, yaani nyuma, husema neno moja tu: "Upo." Yule wa omo, yaani mbele, ambaye upo hukaa kati ya magoti yake, huweka kafi chini na kuanza kukumba. Hakuna mjadala. Wa tezi haachi kafi lake kwa sababu ndilo usukani wa wote wawili.

Desturi hiyo niliijua kama nilivyolijua jina langu. Balaa ni kwamba nilikwenda Dar es Salaam nikawa utingo wa lori miaka minne. Nikarudi nina mikono kama mihimili kwa kubeba magunia, nina suruali ya bugaluu iliyofagia vumbi la njia nzima, na nina mdomo. Huko mjini vijana tulikuwa tukikutana tunaulizana, "Upo?" na mwenzio anajibu, "Nipo!" Hapa kijijini wakati ule hakuna aliyesalimia hivyo. Mimi nikaona ni ushamba tu, nikawaletea.

Sasa Shaweji. Alinizidi miaka kama saba, na nyumba zetu zilitazamana kama zinavyotazamana leo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia yalipungua zaidi. Mkewe Somoe alishikwa na uchungu wakati wa masika. Hospitali ilikuwa ng'ambo, juu ya mto, na kupanda mto uliofura kwa kafi ni kazi ya saa nyingi. Mtoto alizaliwa mtumbwini kabla hawajafika, na hakulia. Shaweji akamchimbia kaburi kwa mkono wake, akarudi shambani kupanda mahindi, na hakuna aliyemsikia akilizungumza jambo hilo.

Baadaye ikatangazwa kuwa kutakuwa na mashindano ya mitumbwi. Watu wawili kila mtumbwi, siku mbili mtoni, kutoka Kipunguti kule juu Rufiji inapoanza kupanuka, mpaka pantoni ya Nyamtimba karibu na delta. Alfajiri mpaka jioni, mnalala kijiji mnachoambiwa, alfajiri tena mpaka mfike. Na zawadi haikuwa kikombe. Ilikuwa mashine ya kufungwa kwenye mtumbwi, iwe mali ya kijiji kitakachoshinda, ya kuwapelekea wagonjwa hospitali.

Siku hiyo hiyo Shaweji alikuja kwangu. Hakukaa. Alisema, "Mketo, una mikono. Naiomba kwa siku mbili."

Nikakubali palepale. Lakini sikilizeni vizuri, msije mkadhani nilikubali kwa wema. Nilikuwa nawaza picha yangu gazetini. Nilikuwa nawaza wasichana wa Nyamtimba. Kwamba Somoe alikuwa na mimba ya miezi mitano, na kwamba masika mengine yalikuwa njiani, nilijua kama watu wote walivyojua. Kulijua jambo na kulibeba ni vitu viwili.

Asubuhi tuliyoondoka, Somoe alituletea maji ya kunywa mpaka ukingoni. Akaniambia, "Shemeji, niletee hiyo mashine." Alitabasamu, lakini mkono wake mmoja ulikuwa tumboni. Nikamjibu, "Shemeji, andaa tu mahali pa kuiweka."

Tulianza mitumbwi kumi na tisa. Mnaoiona Rufiji mkivuka kwa pantoni mnadhani ni maji yanayokwenda baharini basi. Mto ule kila mwaka unahama. Fungu la mchanga ulilolikuta kiangazi kilichopita leo ni kina, na kina cha jana leo ni fungu. Shaweji aliusoma kwa macho yale aliyokuwa nayo. Panapotembea maji bila makunyanzi pana kina, panapochemka pana kisiki, hayo alinifundisha kwa kuelekeza kidole. Kutwa nzima ile nadhani hakutamka maneno thelathini.

Mimi niliyatamka yake na yangu. Kila tulipopita kijiji niliwapungia kafi wanawake waliokuwa wakifua na watoto waliokuwa wakioga, nikawapigia kelele, "Upo?" Mwanzo walishangaa. Nikawafundisha, "Sema nipo!" Kufika adhuhuri habari ilikuwa imetutangulia, maana watoto walikimbia ukingoni kutoka kijiji hadi kijiji wakipiga kelele, "Upo! Upo!" nami nikijibu, "Nipo!" na ukingo mzima unacheka. Nilijiona kama kiongozi aliyekuja kuhutubia mkutano.

Shaweji alivumilia mpaka alasiri. Kisha akasema kwa upole, "Mketo, neno hilo lina kazi yake mtoni."

"Aa, kaka Shaweji, ni salamu tu hiyo!"

Akaendelea kupiga kafi. Ningekuwa na akili ningejua kuwa mtu wa maneno thelathini kwa siku akikupa saba kati ya hayo, si ya kutupa.

Jioni tulikuwa wa tano. Viganja vyangu vilikuwa vimetoka malengelenge, mabega yanaunguza, na nilipojaribu kusimama miguu ilikataa, nikatoka mtumbwini kwa magoti kama mtoto anayejifunza kutambaa. Shaweji aliukagua mtumbwi kabla hata ya kunywa maji. Pale chini, karibu na tezi, palikuwa na ufa wa zamani uliozibwa kwa kalafati, pamba na lami. Akaugusa kwa kidole gumba, akaridhika.

Asubuhi ya pili wenyeji wetu walitupa mihogo ya kuchemsha na perege wawili wa kukaanga. Sakafuni mwa mtumbwi palikuwa na unyevu. Nikatafuta pahali pakavu pa kuweka chakula, nikauona upo umekaa kati ya magoti yangu na tumbo lake pana. Nikapanga mihogo humo, perege juu yake, nikafunika kwa shati langu. Nilifurahi kweli kweli kwa werevu wangu. Shaweji alikuwa akiangalia mto, hakuona.

Siku ile tulipiga kafi kama watu waliochanjwa dawa ya nguvu. Mtu wa nne tukampita jua likichomoza, wa tatu na wa pili tukawapita kabla ya saa nne. Mbele yetu wakabaki ndugu wawili wa kijiji cha Ndambwe, akina Kindamba, watu warefu wenye makafi marefu, na tulikazana nao mpaka adhuhuri bila kupata hata urefu wa mtumbwi mmoja. Ndipo Shaweji akaona mlango wa mkondo mwembamba uliokata kona kubwa ya mto. Kila mtu aliujua. Hakuna aliyeupita, kwa sababu viboko walilala humo.

Akaniambia, "Humo ni kimya. Usipige maji, yakate."

Tukaingia. Viboko walikuwa upande wa kivuli, pua na masikio tu juu ya maji, wanatutazama. Nilikata maji kama nakata siagi. Katikati ya mkondo ule tukasikia kitu kimekwaruza chini, kisiki, krrr, kisha tukapita. Muda kidogo, Shaweji akasema kwa sauti ya chini sana:

"Upo."

Nami nikamjibu kwa sauti ya chini vilevile, "Nipo."

Nikajisifu moyoni kwamba hata kujibu nimejibu kwa adabu bila kuwaamsha viboko. Nikadhani kaka wa watu ana hofu, anataka kujua kama sijazimia kule mbele. Sikugeuka. Mpiga kafi wa mbele hageuki nyuma, na mimi siku ile nilikuwa nazifuata kanuni zile tu zilizonifaa.

Tukatokea mto mkubwa. Lo! Akina Kindamba walikuwa nyuma yetu! Nyuma kabisa, wanaanza tu kuimaliza kona. Na mbele, mwendo wa mtu kuvuta sigara moja, niliiona bendera ya Nyamtimba na watu wamejaa ukingoni kama chawa kichwani. Moyo ukanipasuka kwa furaha.

"Mketo. Upo."

"Nipo, kaka! Nipo sana!"

Watoto wa ukingoni walikuwa wameshatuona, nao wakaanza, "Upo! Upo! Upo!" Mimi najibu huku, najibu kule. Nikahisi omo linanyanyuka, mbele ya mtumbwi inapanda juu kuliko ilivyokuwa siku mbili zote. Mjinga mimi, nikasema sasa tunapaa. Sikujua kwamba omo hunyanyuka kwa sababu tezi inakwenda chini.

"Upo, Mketo, upo!"

Safari hii alipaza sauti. Nikasema, alhamdulillahi, hata Shaweji leo kaingia kwenye shangwe. Nikalinyanyua kafi kwa mikono miwili juu ya kichwa, nikanguruma mpaka koo likakwaruzika:

"Nipoooo!"

Nikiwa bado na mikono hewani, mtumbwi ulizama.

Haukupinduka. Ulikwenda nyuma taratibu, kama mtu anayekaa kitini, nami nikateleza kutoka omo kwenda tezi mpaka nikakutana na Shaweji ndani ya maji. Kafi lake lilikuwa bado mkononi. Alikuwa akipiga kafi huku maji yakiwa kifuani mwake. Na pale mbele yetu, ukienda na maji kwa raha zake, niliuona upo wa marehemu baba yake unaelea, mkavu kabisa, na mihogo yangu ndani.

Mambo mengine yalikuwa ya haraka. Kwenye fungu la mchanga upande wa kushoto walikuwa wamelala mamba wawili, na mmoja hakuwa amelala tena. Mimi nilipiga kelele nyingi. Akina Kindamba walikuwa wanakuja kwa kasi, njia yao ni nyeupe mbele mpaka kwenye bendera, na wangeweza kutupita tu, na hakuna ambaye angewalaumu, kwani mashua ya waokoaji ilikuwepo pale pantoni. Mkubwa wao hakusema kitu. Hakuuliza mnasemaje, hakusema tunakuja. Aligeuza mtumbwi, akanyoosha mkono, akanishika kwapani akanipandisha kama gunia. Kisha akanyoosha tena, akamshika Shaweji.

Wakati anatupeleka ukingoni, mitumbwi miwili ilitupita. Wa kwanza kati ya hiyo ulikuwa wa Lukwambe, kijiji cha mbali sana na kwetu. Tulisikia ngoma zao tukiwa tumekaa mchangani tunadondosha maji. Mashine imekwenda.

Kindamba mkubwa alikamua shati lake, akatuaga, akaenda zake na mdogo wake kumaliza mashindano wakiwa wa tatu. Hata jina langu hakuniuliza. Tukabaki wawili. Nilingoja Shaweji anitukane, na kwa kweli nilitamani anitukane. Alikuwa anatazama mto. Mimi, kwa kuwa mdomo wangu haukujifunza kitu hata baada ya kunywa maji yote yale, nikaanza kujitetea.

"Kaka, mbona hukusema tunavuja?"

"Nilikuita mara tatu."

"Na mimi nilikujibu mara tatu!"

"Ulijibu," akasema. "Ulijibu kwa mdomo. Upo hujibiwa kwa mkono."

Hakuyasema kwa hasira. Aliyasema kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba jua limeshazama. Nikavitazama viganja vyangu. Kisha nikamwuliza polepole, kwa nini, nchi kavu inaonekana, bendera inaonekana, kwa nini asiseme tu neno moja la wazi, maji, Mketo, maji. Desturi ni desturi, lakini mashine ile je?

Alichota mchanga kiganjani, akaumwaga. Halafu akasema, "Mwaka jana nililisema. Tulipokuwa tunapanda na Somoe. Mvua ilikuwa kubwa, nikamwambia, hatutafika. Nililisema kwa mdomo wangu juu ya mto. Na hatukufika."

Wajukuu zangu, sijui kama mto una masikio. Nimeishi nao miaka sabini na kitu na haujawahi kuninong'oneza. Lakini nilijua pale mchangani kwamba huyu mtu alikuwa amebeba kosa ambalo si lake mwaka mzima, na kwamba alikuja kuniomba mikono ili autue mzigo ule, na mimi nikampa salamu. Nililia. Nasema wazi, nililia kama mtoto, na bugaluu langu limejaa mchanga.

Waokoaji waliutoa mtumbwi wetu majini, lakini kurudi nyumbani kulikuwa kugumu kuliko mashindano. Somoe alikuwa amesimama ukingoni palepale alipotuaga. Aliwatazama wanaume wawili na mtumbwi mmoja uliozibwa kwa matambara, akaelewa. Aliniambia, "Shemeji, umeshakula?" Heri angenipiga kofi. Nikala ugali wake mpaka tonge la mwisho.

Mjini watu husahau. Kijijini hawasahau. Hadithi ilienea toka Kipunguti mpaka delta, na watoto wakaniita Bwana Nipo. Nikipita wananiuliza, "Upo?" na kukimbia. Wanawake wakimwona mume anayeahidi kununua kitenge kila Idi wanaambiana, "Shoga, huyo naye Nipo." Na maneno ya Shaweji, ambayo mimi mwenyewe ndiye niliyeyasimulia kwa watu maana yeye asingeyasimulia, yakaanza kutembea peke yake. Mtu akisema atakuja kwenye palizi asionekane, anaambiwa, upo hujibiwa kwa mkono.

Kuhusu upo wenyewe, wavuvi waliuokota kwenye matete huko chini, wakautambua kwa mchongo wake, wakauleta. Mihogo walikula. Asubuhi moja nilifungua mlango nikaukuta umetundikwa kwenye msumari nje ya nyumba yangu. Shaweji hakunieleza kwa nini kauleta kwangu, nami sikumwuliza. Nilikuwa nimeanza kujifunza.

Masika yakaja. Mto ukatoka kitandani mwake, mashamba yakawa ziwa, madungu ya bondeni, vile vibanda vya kulindia mazao, yakasimama kwa miguu yao juu ya maji. Alfajiri moja, mvua inamwagika, nilisikia mtu amesimama mlangoni. Nikafungua. Alikuwa Shaweji, amelowa, kafi mkononi. Nyuma yake Somoe ameegemea bega la shangazi yake, meno ameyauma.

Shaweji alisema neno moja.

"Upo."

Nawaambia kweli, ile "ni" ilishafika kwenye ulimi wangu. Nikaimeza. Nikanyoosha mkono, nikautoa upo msumarini, nikatangulia kushuka mtoni.

Kupanda mto ule kulituchukua tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Shaweji tezi, shangazi kamshika Somoe katikati, mimi omo. Nilipiga kafi pale ilipowezekana, lakini mvua ilikuwa inaujaza mtumbwi haraka kuliko ufa wowote, na kazi yangu kubwa ikawa kukumba. Mkono wa kulia ulipokufa nikatumia wa kushoto, wa kushoto ulipokufa wa kulia ulikuwa umefufuka. Hakuna aliyesema tunachelewa. Hakuna aliyesema tutafika. Shaweji alikuwa anapumua nyuma yangu kama mvukuto wa mhunzi.

Katikati ya mto, pale pabaya, Somoe alifumba macho akaniita. Sauti ilikuwa ndogo, yenye hofu.

"Shemeji, upo?"

Yeye aliniuliza mimi, hakuuliza chombo. Nilijua hivyo. Lakini sikumjibu. Nilikumba kwa nguvu zaidi, ili asikie upo ukikwaruza sakafu ya mtumbwi na maji yakirudi mtoni, kwaruu, pwaa, kwaruu, pwaa. Akausikiliza mlio ule. Akanyamaza, na hofu ikamtoka usoni. Hakuniuliza tena mpaka tukafika.

Alasiri, tukiwa tumekaa barazani hospitalini, tumeishiwa nguvu hata ya kufukuza mbu, tulisikia mtoto analia ndani. Analia kwa hasira hasa, kama anayedai haki yake. Shaweji alinishika mkono huu wa kulia, uliochubuka wote, akaushika hivyo mpaka mwuguzi alipotoka. Alikuwa mtoto wa kike. Wakamwita Salme.

Ndiyo, Salme huyohuyo. Mama yenu, ambaye yuko pale jikoni anapepeta mchele uleule tangu nilipoanza kusimulia na kujifanya hasikii. Mwulizeni kwa nini hadi leo ananipakulia mimi kwanza nikija hapa.

Mashine ya kijiji tuliipata baada ya miaka tisa, kwa njia nyingine. Na macho ya Shaweji, yale yaliyosoma mto, yaliondoka kidogo kidogo mpaka mwaka juzi yakazimika kabisa. Tangu hapo kila siku wakati kama huu, jua likipoa, hunipigia kelele kutoka chumbani kwake ili nimtembeze mpaka ukingoni akasikilize maji. Anasema bado anajua palipo na kisiki.

Sasa nyamazeni. Mnamsikia? Anaita. "Mketo! Upo?"

Hapana, Zarina, funga mdomo, usimjibu. Inuka. Ingia ndani, umpe mkono babu yako, leo mpeleke wewe, na usiseme kitu, atajua. Wewe Mbwana acha kunitazama hivyo, ngazi iko nyuma ya banda la kuku, na makuti niliyalowesha jana. Lile paa linavuja juu ya kitanda chake, na mjomba wenu ameshasema yupo. Leta ngazi. Huu mgono utangoja.

Upo hujibiwa kwa mkono.